Icarus na Mabawa ya Nta

Wagreki wa kale walisimulia habari za Daedalus, fundi hodari. Mfalme Minos alimzuia katika kisiwa cha Krete pamoja na mwanawe Icarus. Daedalus akaunga manyoya ya ndege kwa uzi na nta, akafanya mabawa. Akamwonya mwanawe: «Mwanangu, usiruke chini sana, maji yatalowesha manyoya. Usiruke juu sana, jua litayeyusha nta. Unifuate mimi.» Lakini Icarus alifurahi mno, akasahau neno la baba yake, akapanda juu. Nta ikayeyuka, kijana akaanguka baharini, akafa.

Katika karne ya 16, Pieter Bruegel, mchoraji wa Flandria, alichora hadithi hiyo. Picha iliyoko Brussels ilinunuliwa na jumba la sanaa mwaka 1912. Wataalamu wengi husema ni nakala ya ile ya Bruegel mwenyewe. Mbele mkulima analima kwa farasi. Mchungaji ameegemea fimbo yake. Mvuvi yuko ukingoni. Merikebu inapita. Icarus yuko wapi? Miguu yake tu yaonekana majini, midogo sana.

Mshairi Ovidius alisema ya kuwa watu hao waliwatazama warukao, wakastaajabu. Mchoraji akageuza jambo hilo: kijana anazama karibu nao, wala hakuna anyoshaye mkono.

Maulizo
1. Baba alimkataza mwanawe mambo gani mawili?
2. Katika picha, ni Icarus peke yake aliyekosa?