Kabla ya Kulipia Msaada wa Mtoto Anayelemewa na Masomo

Mtoto wa Gredi ya 4 ambaye bado husoma kwa kusitasita si lazima awe mvivu. Tunakushauri kwanza apimwe macho na masikio, kwani anayesikia kwa shida huonekana mzito wa kuelewa. Kisha mpeleke katika kituo cha serikali cha upimaji wa elimu, maarufu kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini Kenya mwaka 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu.

Ukimwendea mwanasaikolojia wa kibinafsi, omba kuona cheti chake cha usajili kabla ya kutoa fedha. Sheria ya mwaka 2014 yamtaka awe nacho, na aliye nacho hachukizwi na ombi hilo. Anayekuuzia vidonge vya kuponya disleksia usimlipe hata shilingi: hali hiyo haina dawa, bali husaidiwa kwa mafunzo ya hatua kwa hatua, ya miezi na pengine miaka.

Dai ripoti ya maandishi inayoeleza mtoto hukwama wapi na mwalimu afanye nini. Nakala moja mpe mwalimu. Nyingine ihifadhi, kwani utaihitaji ukiomba mtoto aongezewe muda katika mtihani wa kitaifa.