Jicho Hujiponya, Tukiliacha: Mafunzo Niliyopata Kanda ya Dhahabu

Mimi ni muuguzi wa macho. Nimefanya kazi Shinyanga, Kahama, na kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, Nyarugusu na Rwamgasa. Wengi wa wagonjwa wangu wamepigwa jichoni na chembe ya jiwe, ama duarani, yaani ndani ya shimo la kuchimbia, ama kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Haya ndiyo niliyojifunza kwao.

1. Jicho lina fundi wake

Ngozi ya juu ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ina tabaka tano hadi saba tu za seli. Unene wake ni kama sehemu ya 20 ya milimita. Ikikwaruzika, seli za jirani hutambaa kuziba pengo, na seli mpya huzaliwa ukingoni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Mkwaruzo mdogo hufunga kwa siku moja hadi tatu.

Madaktari wanaorekebisha uoni kwa leza wanaitegemea nguvu hiyo. Katika upasuaji wa PRK huiondoa ngozi hiyo kwa makusudi, wakachonga konea kwa leza, kisha wakaweka lenzi laini ya kukinga kidonda. Kwa kawaida siku ya tatu hadi ya tano ngozi imesharudi. Mchimbaji wa Nyarugusu anaye fundi huyohuyo. Ila kidonda cha hospitali ni safi, na chake kimeingia na vumbi.

2. Maumivu si kipimo

Konea imejaa mishipa ya fahamu kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Ndiyo maana kijana anayebeba viroba vya mawe kutwa nzima hulia kwa mkwaruzo usioonekana kwa macho matupu. Ninayemhofia zaidi ni yule anayesema, "Lilinichoma kidogo tu, sasa halisumbui." Nyundo ikigonga chuma, kipande kinaweza kutoboa jicho na kuzama ndani bila maumivu makubwa. Huyo simbonyezi jicho wala simtilii mafuta. Nalifunika kwa kikinga kigumu kisichogusa jicho, naye anaanza safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza.

3. Rangi haifichi

Nalowesha kikaratasi chenye rangi ya floresini, nakigusisha ndani ya kope ya chini, namwambia mgonjwa apepese. Nikimulika kwa mwanga wa bluu, palipochubuka panang'aa kijani. Nachora umbo lake kwenye kadi, na kesho yake nalinganisha. Doa likipungua, jicho linapona. Pakitokea weupe kama maziwa, vijidudu vimeingia, na hapo hatusubiri tena.

4. Dawa ya ganzi ibaki kwangu

Tone moja la ganzi humtuliza mgonjwa papo hapo, naye huniomba chupa aende nayo. Simpi. Ganzi ikitumiwa mara kwa mara huzuia seli kutambaa, huua pepeso la kawaida, na kidonda kinachimbika mwenyewe asijue. Nampa dawa ya maumivu ya kumeza.

5. Mkono wenye huruma una madhara yake

Duarani mwenzako hukutoa chembe kwa ncha ya njiti au kona ya shati. Nyumbani kuna maji ya majani. Dukani kuna matone yenye steroidi, ambayo huondoa wekundu upesi, mtu akadhani amepona kumbe kinga ya jicho imelazwa usingizi. Vyote hivyo vinaweza kugeuza mkwaruzo wa siku mbili kuwa kovu la maisha, kwa sababu kidonda kikipita ngozi ya juu, chini yake hupona kwa kovu.

Kinachohitajika ni kidogo. Bhaktapur, nchini Nepal, wahudumu wa vijijini waliwapa wenye mikwaruzo mafuta ya kloramfenikoli mara tatu kwa siku, siku tatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa karibu wote walipona bila kidonda kuoza. Siri ilikuwa kuwahi.

6. Jicho jekundu la bibi ni ugonjwa, si ushahidi

Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa dalili. Wekundu huo mara nyingi ni moshi wa miaka mingi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua. Wakati mwingine ni ugonjwa wa vikope, kope zikiwa zimegeukia ndani na kukwaruza konea kila anapopepesa. Kila asubuhi jicho linajaribu kujiponya, kila asubuhi jiko linawashwa.

Kwa hiyo mayu, yaani mama kwa Kisukuma, akiletwa, simpimi faraghani isipokuwa ameomba. Nawaita mwana na wajukuu wasogee, nawaonyesha kope zilizogeuka au alama za moshi, nautaja ugonjwa kwa jina lake mbele yao wote. Kisha naongea na mwana kuhusu kuhamishia jiko mahali penye hewa, maana hiyo ni nusu ya dawa.