Polisi Huaminiwa kwa Uadilifu

Ndugu msomaji, raia atamwaminije askari anayemwona ni wa upande wa pili?

Tuitazame Ireland ya Kaskazini, ambako Wakatoliki na Waprotestanti waliuana kwa miaka 30. Mkataba wa amani wa 1998 ulipotiwa saini, Wakatoliki walikuwa kama asilimia 8 tu ya polisi. Mwaka 2001 jeshi hilo likabadilishwa jina, na kwa miaka 10 likaajiri nusu Wakatoliki, nusu wengineo. Malalamiko dhidi ya askari yalipewa ofisi huru, si polisi wenyewe. Kufikia 2011 Wakatoliki walikaribia asilimia 30.

Suratul Maida, aya ya 8, inatufunza kwamba chuki isituzuie kutenda uadilifu. Basi tukidai haki kwa polisi, tuwadaie hata tusiowapenda. Virungu huleta woga, haviletei askari imani ya raia.

Wallahu a'lam.