Rafiki yangu, mpenzi wangu: sarufi ya neno moja katika filamu ya Wanuri Kahiu

Kanuni yenyewe tunaijua tangu mwaka wa kwanza. Nomino inayotaja mtu huchukua upatanisho wa ngeli ya M-/WA- hata kama yenyewe haina kiambishi hicho: daktari amefika, askari mrefu, waziri wetu. Kisha linakuja kundi dogo linalokataa nusu ya kanuni. Baba, mama, dada, shangazi, ndugu, jirani, rafiki: kitenzi chao ni cha mtu (rafiki amefika), kivumishi ni cha mtu (rafiki mwema), lakini kimilikishi kinarudi katika ngeli ya N-: rafiki yangu, rafiki zangu. Daktari ni wangu, rafiki ni yangu. Vitabu vya sarufi husema kwamba kundi hili ni la ukoo na mahusiano ya karibu, kisha huhamia mada nyingine. (Adui naye yumo. Tunasema adui yangu, maana ukaribu una pande mbili.)

Mpenzi, mchumba, mke na mume hawamo. Sababu ni ya umbo tu: wana m- mwanzoni, kwa hiyo wanachukua wangu. Hata hivyo matokeo ni kwamba sikio linasikia rafiki yangu pamoja na dada yangu, na mpenzi wangu linamsikia mahali pengine. Nataka kuonyesha hapa kwamba filamu moja ya Kenya imejengwa juu ya mpaka huo, na kwamba mpaka huo haupiti mahali pamoja katika Kiswahili bora na katika Kiswahili tunachosema huku Shituru.

Filamu ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018. Kena na Ziki, walioigizwa na Samantha Mugatsia na Sheila Munyiva, ni wasichana wa mtaa mmoja wa Nairobi, na Kena anasubiri matokeo ya mtihani wa sekondari. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha kisiasa. Wasichana wanatazamana kwanza kwa mbali, wanazungumza, wanapendana, wanapata maficho katika gari bovu lililoachwa. Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula, anaona yote na kusema yote. Umati unawapiga. Kena anapelekwa kuombewa kanisani, Ziki anapelekwa London.

Kahiu ameeleza kwa nini alichagua jina hilo. Wakenya wengi walio katika mapenzi ya namna hii, anasema, hawawezi kumtambulisha mwenzao kwa jina wanalolitaka, kwa hiyo husema: huyu ni rafiki yangu. Hapo ndipo isimu inapoingia. Neno halikuchaguliwa kwa sababu ni tamu. Limechaguliwa kwa kazi linayoifanya: linamweka mpendwa katika orodha ya baba, dada na jirani, mahali ambapo hakuna anayeuliza swali la pili.

Mwezi wa Aprili 2018 bodi ya Kenya inayopanga filamu kwa madaraja iliipiga marufuku. Mwezi uliofuata ilionyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kule. Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu itimize sharti la kuonyeshwa nchini na iweze kufikiriwa kwa Oscar. Kumbi zilijaa. Mwishowe Kenya ilipeleka filamu nyingine, Supa Modo ya Likarion Wainaina, na mwaka 2019 Mugatsia alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye FESPACO, Ouagadougou. Katika habari hii yote jambo moja linanivuta zaidi. Kahiu amesimulia kwamba wakuu wa bodi walitaka mwisho ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Na mwisho wenyewe ni nini? Miaka imepita, sauti inasikika, mkono unawekwa begani. Hakuna tendo jingine. Kilichowasumbua ni kwamba urafiki haukukatika.

Filamu za mapenzi ya kwanza yaliyokatazwa kwa desturi hufungiwa ndani ya internat. Mädchen in Uniform ya Leontine Sagan, ya mwaka 1931, iko katika shule ya bweni ya wasichana kule Potsdam: mwanafunzi Manuela anampenda mwalimu wake. Les Amitiés particulières ya Jean Delannoy, ya mwaka 1964, iko katika koleji ya mapadre, na jina lake ni istilahi halisi ya nyumba hizo. Urafiki wa pekee: hivyo ndivyo walezi wa Kikatoliki walivyoita kile walichokiogopa. Walikuwa na kanuni ya Kilatini pia, kwamba mtu atembee peke yake mara chache, wawili kamwe, watatu daima. Mwenzangu mmoja wa darasa, aliyelelewa katika internat ya masista, anasema kanuni ya matembezi kwao ilikuwa hiyohiyo, watatu watatu, na hakuna aliyewaambia sababu. Tazameni basi Kifaransa kilivyofanya kazi. Neno ami lilibaki safi, na kosa likabebwa na kivumishi. Kahiu hakuongeza kivumishi chochote. Aliliacha neno tupu, likiwa na maana zote mbili, na mtazamaji ndiye anayelazimika kuchagua.

Kwake hakuna bweni, lakini ukuta upo, nao ni mtaa wenyewe. Aliyekulia katika kambi ya wafanyakazi wa Gécamines hahitaji kuelezwa. Nyumba ziko safu kwa safu, baba wote wanajuana kazini, mama wote wanajuana sokoni. Ukikohoa usiku, nyumba ya tatu wanakuuliza asubuhi kama umepata dawa. Mama Atim wetu tunaye, pengine zaidi ya mmoja.

Chanzo cha filamu ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ni mzambarau, na tunda lake ndilo lililotupatia jina la rangi, zambarau, rangi ambayo pamoja na waridi imetapakaa katika filamu nzima. Sijui kama Kahiu alikusudia hilo, ila kwa msomaji wa Kiswahili mti umebaki kwenye picha ingawa hauonekani. Hadithi imeandikwa kama barua: Anyango anamwandikia Sanyu, kwa hiyo kila sentensi inasema wewe. Nafsi ya pili haina jinsia katika Kiingereza. Katika Kiswahili hata nafsi ya tatu haina.

Ningependa msomaji ajaribu zoezi dogo. Simulia filamu hii kwa Kiswahili ukitumia herufi tu badala ya majina: K. anakaa na mama yake. Anamwona Z. upande wa pili wa barabara. Wanazungumza, wanapendana. Z. anampa K. moyo asome udaktari badala ya uuguzi. Watu wanawakuta pamoja, wanawapiga. Z. anasafirishwa, K. anabaki. Sentensi zote ni sahihi, na hakuna hata moja inayosema nani ni msichana. Viambishi a-, -m- na wa- havijali jinsia, na -an- ya kutendana haijali nani alianza. Sasa ifasiri kwa Kifaransa. Neno la kwanza tu, il au elle, limekwisha kutoa siri. Hata ami na amie, ambayo sikio haliwezi kuyatofautisha, jicho linayatofautisha kwa herufi moja.

Lakini kivuli hiki cha Kiswahili kina ukomo, na ukomo wake ni ndoa. Ongeza sentensi moja juu ya wazazi wa K., nawe utakwama: John ameoa tena, Mercy ameachwa. Kuoa ni kwa mwanamume, kuolewa ni kwa mwanamke. Kuacha na kuachwa kwa desturi hufuata njia ileile. Jinsia ambayo kiwakilishi kilikataa kuitaja imehamia katika mnyambuliko wa kitenzi. Kwa hiyo Kena na Ziki wanaweza kupendana kwa sarufi kamili, ila swali la nani ataoa na nani ataolewa linawatupa nje ya lugha. Kifaransa kiko kinyume kabisa. Se marier haisemi chochote juu ya jinsia, na ndiyo maana ibara ya 40 ya Katiba yetu ya mwaka 2006 ilibidi itaje waziwazi kwamba kila mtu ana haki ya kuoana na mtu anayemchagua wa jinsia tofauti. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, kuoa na kuolewa vingetosha kubeba sharti hilo. Kuoana, kwa upande wake, hakubebi. Ni kauli ya kutendana, na kauli ya kutendana haina mwanamume wala mwanamke, ina wawili tu.

Narudi Shituru. Katika Kiswahili chetu cha Katanga upatanisho umepungua, na ya- imetawala mahali pengi ambapo Kiswahili bora kinataka wa-. Mtaani tunasema rafiki yangu, lakini pia bibi yangu (yaani mke), bwana yangu, mutoto yangu. Mpaka kati ya yangu na wangu, ambao nilianza nao, mara nyingi haupo. Walimu wengine wangesema kwamba tumeharibu sarufi. Mimi naona kwamba kwa habari hii tumepoteza kitu na kupata kingine. Msichana wa Nairobi akisema rafiki yangu, sarufi yenyewe inamsaidia kuficha. Wa Shituru akisema rafiki yangu, sarufi haimsaidii chochote, neno peke yake ndilo linalofanya kazi. Lakini akisema mpenzi yangu, mpendwa anakaa katika upatanisho uleule wa mama na dada, bila kuhama.

Vijana wengi huku hukwepa maneno yote mawili na kuazima Kifaransa: kopine yangu. Kopine wa msichana ni rafiki wa kike. Kopine wa mvulana ni mchumba. Maana inategemea nani anasema. Hilo ni jambo zuri kwa pragmatiki, na ni baya kwa Kena, maana sauti yake mwenyewe ndiyo ingemchagulia maana.

Tuko watatu tunaojaribu kufasiri mazungumzo ya filamu hii, ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili na Sheng, yawe Kiswahili cha Likasi. Tumegombana kuhusu neno moja tu, la jina. Mmoja anataka kopine, kwa kuwa ndilo linalosemwa. Mwingine anataka mwenzangu, ambalo kweli ni la hapa na lina upole. Mimi natetea rafiki libaki rafiki. Kopine linamlazimisha msemaji kujitangaza, mwenzangu linafaa hata kwa mtu tuliyepanga naye foleni ya maji, na rafiki pekee ndilo lenye ukaribu unaotosha kuwa kweli na utulivu unaotosha kutoulizwa.

Eneo moja halikutupa kazi. Baada ya kipigo, Kena anakaa kwenye benchi kando ya kijana wa mtaa ambaye naye hupigwa na kutukanwa kwa sababu hiyohiyo. Nyuso zote mbili zina majeraha. Hawaambiani neno, na katika karatasi yetu mstari huo tumeuacha mtupu.