Mikono ni yangu, mbona naiona ya mtu mwingine?

*Kwako shangazi. Nina miaka 23, naendesha bodaboda kati ya Sirisia na Chwele. Tangu nishuhudie ajali iliyomuua mwenzangu, kuna nyakati najiona kama nimesimama kando nikijitazama. Mikono iliyoshika usukani si yangu. Kukhu, nyanya yangu, anasema ni marehemu kuka, babu yangu niliyepewa jina lake, ananiita. Je, narukwa na akili?*

Mwanangu, pole sana kwa kufiwa na mwenzako. Hurukwi na akili. Unajua fika kwamba mikono ni yako. Kilichopungua ni hisia tu ya kuwa yako, na kujua huko ndiko kunakonipa moyo. Mfaransa Ludovic Dugas aliipa hali hii jina la kitaalamu mwaka 1898. Huwapata wengi kwa muda mfupi wakikesha mno, wakivuta bangi, au wakipata mshtuko kama wako.

Tumezoea kudhani kwamba "mimi" ni kitu kilichotulia ndani yetu. Kumbe ubongo huijenga hisia hiyo kila wakati, kwa habari za macho, ngozi na misuli. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen waliwaficha watu mkono mmoja, wakawawekea wa mpira mbele ya macho, kisha wakaipiga yote miwili brashi kwa pamoja. Watu wazima, timamu kabisa, wakauhisi ule wa mpira kuwa wao! Basi ubongo unaoweza kuukumbatia mpira unaweza pia, ukilemewa na hofu, kuacha kwa muda kuutambua mkono wako. Aliyeandika barua hii kwa woga wa kupotea ni wewe, na hujapotea.

Kukhu usibishane naye. Mwombe akusimulie kuka alikuwa mtu wa namna gani, aliogopa nini, alicheka vipi. Ila woga wa kuitwa usiulale nao.

Hali ikikujia barabarani, egesha pikipiki, nawa uso kwa maji baridi, taja kwa sauti unavyoviona. Usijipime kila saa kama umerudi. Kujichungua huko huizidisha. Bangi, kama unavuta, acha. Lala.

Hata hivyo, ukianza kupoteza fahamu, kunusa harufu isiyokuwepo au kusahau dakika nzima, huenda ni kifafa: usipande pikipiki tena kabla ya kuonwa na daktari. Kwa vyovyote, nenda hospitali ya rufaa ya Bungoma wiki hii, uombe kliniki ya afya ya akili, na uwaeleze habari za ajali kwanza, kabla ya habari za mikono.