Nta au Uchafu? Istilahi, Tiba na Msimbo wa Kuziba kwa Masikio Yote Mawili

Katika mazungumzo ya kila siku, kinachotoka katika mfereji wa sikio huitwa uchafu au taka. Jina hilo linapotosha. Uchafu ni kitu cha kuondolewa, na ndiyo maana wengi huchokoa masikio kwa njiti ya kiberiti, ufunguo au kijiti chenye pamba. Istilahi ‘nta ya sikio’ inafaa zaidi. Nta hutengenezwa na tezi za ngozi ya mfereji. Huilainisha ngozi hiyo, hunasa vumbi na huzuia vijidudu. Kwa kawaida hutoka yenyewe polepole. Waswahili husema kwamba asiyetaka kusikia ametia pamba masikioni; anayechokoa kwa pamba huupata uziwi huo bila kuutaka, kwa kuwa huisukuma nta ndani na kuishindilia.

Kuwapo kwa nta si ugonjwa. Huwa tatizo inapoleta dalili, kama vile kutosikia vizuri, sikio kujaa, mwasho, mvumo au kizunguzungu, ama inapomzuia tabibu kukiona kiwambo cha sikio anapokihitaji. Sikio moja likiziba, mgonjwa hutambua tofauti kwa lile jingine. Yakiziba yote mawili, hana cha kulinganishia. Hapo ndipo mzee huambiwa ni umri, na mwanafunzi asiyeitika darasani huambiwa ni mkaidi. Njia ya kuondoa shaka ni kuchungulia kila sikio kwa otoskopu.

Tiba huanza kwa kulainisha: matone ya mafuta ya zeituni au ya sodiamu baikaboneti kwa siku kadhaa. Isipotoka, nta huoshwa kwa maji yenye joto la mwili (yakiwa baridi au moto huleta kizunguzungu), au huondolewa na mtaalamu kwa kifaa maalumu. Mwenye kiwambo kilichotoboka, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio, au mwenye sikio linalotoka usaha haoshwi kwa maji wala hajitilii matone bila ushauri wa daktari. Baada ya tiba, usikivu hupimwa tena. Ukibaki hafifu, nta haikuwa sababu pekee.

Suala la msimbo linamhusu zaidi mwanaisimu. Katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, la Shirika la Afya Duniani, nta iliyoshindiliwa ni H61.2, pasipo kutaja upande. Marekani, katika toleo lake lililoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015, iliongeza tarakimu: H61.21 ni sikio la kulia, H61.22 la kushoto, H61.23 yote mawili. Karani wa misimbo hatazami sikio, husoma maandishi. Neno ‘sikioni’ halimwambii upande, na ‘masikioni’, ingawa ni wingi na binadamu ana masikio mawili tu, humwacha akikisia. Panapoandikwa ‘nta imeziba masikio yote mawili’, msimbo ni H61.23. Panapoandikwa ‘nta imeziba sikio’ pekee, husalia H61.20, yaani upande haukutajwa, hata kama tabibu aliyazibua yote mawili.