Swaumu na Mifupa ya Wazee Wetu



Ndugu zangu katika imani, kuna swali ambalo mwanafunzi anayerudi nyumbani Hai Mauna mwezi wa Shaabani hawezi kulikwepa. Haboba amepita miaka 70, mgongo umeanza kupinda, na mwaka uliopita aliteleza uani akavunjika kifundo cha mkono. Ramadhani inakaribia, naye ameshasema atafunga. Mama na khalti wana wasiwasi. Wanamgeukia aliye chuoni: "Wewe unayesoma, tuambie, kufunga kunamla mtu mzima mifupa au hakumli?"

Swali hili linataka jibu la elimu zote mbili, ya tiba na ya dini. Kwa ufupi ni hivi: kwa mzee mwenye afya, saa za mchana bila chakula si adui mkubwa wa mifupa. Kinachoidhoofisha ni usiku usio na chakula cha maana, na kinachoivunja ni kuanguka. Yote mawili yamo mikononi mwa watu wa nyumba. Na mzee asiyeweza kufunga, sheria imeshamfungulia mlango.

1. Mfupa ni kitu hai

Tumezoea kuuona mfupa kama jiwe, lakini mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku. Zipo chembe zinazoondoa mfupa mkongwe, na zipo zinazojaza mpya mahali pake. Ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji, na mfupa hufikia uimara wake wa juu kabisa karibu na umri wa miaka 30. Baada ya hapo akiba huanza kupungua polepole. Kwa mwanamke, hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka na mfupa hupotea kwa kasi zaidi kwa miaka kadhaa. Upotevu ukizidi, huo ndio ugonjwa uitwao osteoporosisi: kwa nje mfupa una umbo lake, ndani umejaa matundu. Anguko dogo linatosha kuuvunja, hasa kwenye nyonga, pingili za mgongo na kifundo cha mkono.

Udhaifu huu si jambo geni katika dini yetu. Mwanzoni mwa Surat Maryam, Nabii Zakariya (a.s.) anapomwomba Mola wake anataja mambo mawili ya uzee wake: mifupa iliyodhoofika na kichwa kilichojaa mvi.

Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo ndani ya mifupa na meno. Iliyobaki huhitajika na moyo, misuli na mishipa ya fahamu kila dakika. Kalsiamu ya damu ikipungua, tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni inayoamuru mfupa utoe akiba yake. Kwa hiyo mtu asiyekula kalsiamu ya kutosha hula mifupa yake mwenyewe, awe amefunga au hakufunga.

2. Njaa ya mchana inafanya nini?

Mfupa unapobomolewa, vipande vyake vidogo huingia katika damu na huweza kupimwa. Vipimo hivyo vinaonyesha kuwa ubomoaji hupanda usiku kuelekea alfajiri, na hushuka baada ya mtu kula. Chakula kinatuliza ubomoaji. Tukiielewa nukta hii, tutaona daku lina kazi gani: mzee anayekula daku anautuliza mfupa wake kabla ya siku ndefu. Asiyekula daku anaunganisha usiku na mchana bila kitulizo.

Hapa Juba tuko karibu na Ikweta. Kutoka alfajiri hadi magharibi ni kama saa 13, na hazibadiliki sana mwaka mzima. Ndugu zetu wa kaskazini mwa Ulaya, Ramadhani ikiwaangukia kiangazi, hufunga zaidi ya saa 18. Sisi tuna usiku wa kutosha kula mara mbili au tatu. Kinachobaki ni kuutumia.

Tena tutofautishe kufunga na kupunguza chakula. Nchini Marekani ulifanyika utafiti uitwao CALERIE. Watu 218 wasio wanene, wote wakiwa na umri wa miaka 50 au chini yake, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipunguza chakula kwa miaka 2. Hao walipungua uzito, na pamoja na uzito, mifupa ya mgongo na nyonga yao ilipungua msongamano kuliko ya wenzao. Kama kula pungufu kwa muda mrefu kuliwagusa watu wa umri huo wenye afya, mzee ambaye hata siku za kawaida anakula kidogo anastahili kuangaliwa zaidi. Ramadhani ni siku 29 au 30. Akila vizuri usiku, mwezi unapita salama. Akila tonge mbili za futari na kulala hadi asubuhi, tena akaendelea hivyo katika sita za Shawwali na kila Jumatatu na Alhamisi, huko ndiko kupunguza chakula kunakoingia nyumbani kwa jina la swaumu.

3. Hesabu ya usiku mmoja

Mwongozo unaotumika Marekani unataka kalsiamu miligramu 1,200 kwa siku kwa mwanamke aliyepita miaka 50 na kwa kila mtu aliyepita miaka 70. Kuhusu protini, ambayo ni nguzo ya mfupa na misuli, wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Haboba wa kilo 55 anahitaji basi gramu 55 hadi 66. Tuone kama sahani ya Juba inafika huko.

Magharibi: tende, maji, na kikombe cha maziwa. Kikombe cha mililita 250 kina kalsiamu miligramu 300 hivi na protini gramu 8. Maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa kipimo sahihi yanafaa pia.

Baada ya swala: kisra na mulah ya mlenda, yaani khudra, pamoja na kipande cha samaki cha gramu 100, chenye protini gramu 20 hivi. Juu yake vijiko viwili vya ufuta uliosagwa, kalsiamu kama miligramu 150.

Baada ya tarawehe: bakuli la zabadi, kalsiamu miligramu 300 hivi na protini gramu 8.

Daku: asida kwa maziwa kikombe kimoja, mayai mawili yenye protini gramu 12, na ful kidogo.

Jumlisha: maziwa, zabadi na ufuta vimeshafika miligramu 1,050 za kalsiamu, na mlenda na samaki vinajaza pengo. Protini imepita gramu 60. Yote haya yanapatikana sokoni Konyo Konyo.

Mtasema maziwa ni ghali, na ni kweli. Pasipo maziwa, tafuta dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao, kwa sababu kalsiamu yao imo katika mifupa hiyo. Waponde wawe unga na kuunyunyiza katika mulah, mzee asiye na meno atakula bila shida. Kisra nayo ina faida iliyojificha: mtama una viambata vinavyoshika madini yasifyonzwe, lakini unga unapochachushwa usiku, sehemu ya viambata hivyo huvunjika. Bibi zetu walijua kuchachusha kabla ya maabara kueleza sababu.

Kumbuka pia kwamba utumbo hufyonza kalsiamu vizuri zaidi ikija kidogo kidogo, si zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja. Kuikusanya yote katika futari ni kuipoteza. Na chumvi nyingi huongeza kalsiamu inayotoka kwa mkojo, basi tupunguze vidonge vya supu vinavyotiwa katika kila chungu. Mzee mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza kuhusu protini na maziwa.

4. Jua la uani

Kalsiamu haifyonzwi vizuri bila vitamini D, na vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Juba haina uhaba wa jua, lakini mzee anaweza kukaa na upungufu katikati ya mji wa jua kali. Ngozi ya mtu wa miaka 80 hutengeneza chini ya nusu ya ile inayotengenezwa na ngozi ya kijana, na wengi wa wazee wetu hukaa ndani mchana kutwa. Haboba ana ua wake, na uani hakuna mtu wa kando. Akae hapo kidogo kila siku mikono na miguu ikiwa wazi, kabla joto halijawa kali, maana amefunga na kiu haifai kuongezwa.

5. Mzee asianguke

Nyonga nyingi huvunjika kwa sababu mtu ameanguka, na Ramadhani ina nyakati zake za hatari: alasiri mwili umekauka na kichwa kinazunguka, usiku anaamka gizani kwa daku, sakafu ya udhu imelowa, njia ya msikitini ina mashimo na taa hakuna.

Maji mengi yanywewe kati ya magharibi na isha. Akinywa yote kabla ya kulala, ataamka mara tatu kwenda chooni gizani. Awe na tochi kando ya mto, kandambili zisizoteleza, na mtu wa kumshika mkono akienda tarawehe. Akiinuka kitandani, akae kwanza hadi kichwa kitulie.

Dawa ziangaliwe kabla ya mwezi kuandama. Dawa za presha zinazoongeza mkojo humkausha mzee mapema. Prednisoloni ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, lakini haikatizwi ghafla bila daktari. Alendroneti, kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki, humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na mtu akae wima nusu saa kabla ya kula. Daktari apange saa yake ya Ramadhani.

Swala yenyewe ni mazoezi: kusimama na kuinuka kunaipa mifupa kazi. Lakini mwenye pingili iliyovunjika asilazimishe kurukuu na kusujudu. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Huswayn, aliyekuwa mgonjwa, aswali ameketi akishindwa kusimama.

6. Mlango uliofunguliwa na sheria

Aya za 184 na 185 za Surat al-Baqara zinamruhusu mgonjwa na msafiri kufungua na kulipa siku nyingine, na zinataja fidia ya kumlisha maskini. Ibn Abbas (r.a.) aliielewa fidia hiyo kuwa ni ya mzee, mwanamume au mwanamke, asiyeweza kufunga. Anas bin Malik (r.a.), mtumishi wa Mtume (s.a.w.), alipozeeka sana aliacha kufunga na akalisha maskini.

Hivyo tutenganishe wazee wawili. Aliyevunjika mfupa na anatarajiwa kupona hufungua sasa na kulipa baadaye. Asiyetarajiwa kupata nguvu tena hana kulipa siku. Jambo lake ni fidia. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, fidia hiyo ni wajibu; katika ya Maliki, yanayofuatwa na wengi wa jirani zetu wa Sudan, ni jambo linalopendekezwa. Imamu wenu aulizwe.

Na anayelishwa kwa fidia mara nyingi naye ni mzee. Jumuiya yetu ikikusanya vikapu mwaka huu, pamoja na unga na sukari tuweke dagaa, ufuta na maziwa ya unga.

7. Tusemeje na mzee?

Surat al-Israa, aya ya 23 na 24, inatukataza hata neno dogo la kuchoshwa na wazazi waliofikia uzee. Kwa hiyo usimwambie haboba, "Umezeeka, acha kufunga." Kwake swaumu ni heshima yake mbele ya Mola wake. Mwulize kwanza anajisikiaje saa za alasiri. Mpelekee maneno ya Anas kupitia imamu anayemheshimu. Mkubaliane mapema: akipata kizunguzungu, atafungua siku hiyo bila mabishano. Mpime uzito mwanzo na mwisho wa mwezi. Akipungua kilo mbili au tatu, aonwe na daktari kabla ya sita za Shawwali.

Na wewe kijana usijisahau. Kama hujafika 30, mifupa ya uzeeni mwako inajengwa sasa. Soda na mandazi katika futari ya hosteli si matofali mazuri.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Nyumbani kwenu mzee alikula nini daku Ramadhani iliyopita, na kilikuwa na kalsiamu kiasi gani?
2. Ni wapi pa hatari zaidi kwa mzee kati ya chumba chake, choo na msikiti wenu, na nani atapatengeneza?
3. Kuna tofauti gani kati ya mzee wa kulipa siku na mzee wa fidia?

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu nguvu katika utiifu, na atujaalie tuwe fimbo zao. Amin.